Msichana Haombi Densi

Fanki yangu ya kwanza ilikuwa muhula wa pili, niko Fomu Tatu. Shule ya wavulana ndiyo iliyotualika, kwa hivyo sisi ndio tulipanda basi. Sketi tulikuwa tumezilalia chini ya godoro siku mbili ili zinyooke. Ukumbini kwao viti vilikuwa vimepangwa pande mbili: wasichana upande wa madirisha, wavulana upande wa mlango, na katikati sakafu tupu ya simiti ambayo siku hiyo niliiona pana kama Thika Road. Sheria haikuwa imeandikwa popote lakini kila mtu aliijua. Mvulana anavuka, anasimama mbele yako, ananyoosha mkono. Wewe unangoja. Usipoitwa, unaangalia kucha zako kama mtu aliye na shughuli.

Rafiki yangu, ambaye kitanda chake kilikuwa juu ya changu, alingoja nyimbo tatu. Wa nne ulipoanza akasimama, akaivuka ile simiti peke yake, akamwambia kijana mmoja mrefu, "Twende." Wakaenda. Wakacheza wakiwa wameachana nafasi ya kupitisha ng'ombe. Wimbo ukaisha, akarudi kukaa. Ni hayo tu.

Jumatatu aliitwa kwa ofisi ya deputi. Aliambiwa ameaibisha shule, na kwamba msichana aliyelelewa vizuri haombi densi. Akapewa wiki moja ya kufyeka nyasi nyuma ya maabara, pamoja na barua ya kumwita mzazi. Sisi wenzake tuliokaa naye tuliitwa mmoja mmoja, tukaulizwa kama tulijua mpango wake. Nilisema, "Sikujua, Madam." Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemwambia aende.

Miaka baadaye, nikiwa naishi kwa kuwaandikia watu makala mtandaoni, mteja mmoja wa Marekani alinipa kazi ndogo: maneno mia tano kuhusu nguo za promu. Promu, kwa wale ambao hamkuwahi kutazama zile movie, ni densi rasmi ya mwisho wa mwaka katika shule za sekondari za Marekani. Sisi tuliijua kutoka kwa DVD za shilingi hamsini: gauni, limuzini, kijana amesimama mlangoni na ua, baba ya msichana akimkagua kama askari wa geti. Hiyo kazi ilikuwa ya saa moja. Nilikaa nayo wiki mbili, na nyingi ya hizo siku hata sikuwa nasoma kuhusu nguo. Nilikuwa nimekutana na ile sakafu ya simiti tena, kwa watu wengine, na kwao kulikuwa na kumbukumbu za mahakama.

Jina lenyewe ni kifupi cha promenade, neno la Kifaransa la kutembea kwa madaha ili uonekane. Karne ya 19, vyuo vya kaskazini mashariki mwa Marekani vilikuwa na hizi densi kwa wanafunzi wanaokaribia kumaliza. Moja ya kumbukumbu za mapema zinazotajwa ni ya 1894: mwanafunzi wa chuo cha Amherst, kilichokuwa cha wanaume peke yao, aliandika kwenye shajara yake kwamba amealikwa promu katika chuo jirani cha Smith. Smith ni chuo cha wanawake. Yaani katika hadithi ya zamani kiasi hicho, mwanamume ndiye alipanda gari kwenda alikoitwa. Hii kitu inanichekesha kila nikiikumbuka, kwa sababu watu wakitetea desturi huwa wanasema imekuwa hivyo tangu zamani.

Sekondari ziliichukua promu mwanzoni mwa karne ya 20, na huko ikawa kama somo la adabu. Mvulana anaomba, analipa, anafungua mlango wa gari. Msichana anavaa, anangoja, anakubali. Baada ya Vita Vikuu vya Pili pesa zikapatikana, densi zikatoka kwenye kumbi za mazoezi za shule zikaenda hotelini na kwenye klabu, na bei ya kuwa mvulana ikapanda. Bei ya kuwa msichana ilibaki ileile: simu isipolia, huendi.

Sasa hapo katikati kuna kituko kimoja ambacho lazima nisimame nacho. Mwaka 1934 mchoraji aitwaye Al Capp alianzisha katuni ya magazetini, Li'l Abner, kuhusu watu wa kijiji cha kubuni cha milimani kinachoitwa Dogpatch. Novemba 1937 akaingiza hadithi ya Sadie Hawkins, msichana ambaye katuni ilisema ndiye mwenye sura mbaya kuliko wote pale milimani. Sadie amefika miaka 35 bila mchumba. Baba yake, mzee mwenye sauti kijijini, anachoka kungoja. Anawakusanya wanaume wote ambao hawajaoa na kuwaambia wataanza kukimbia bunduki ikilia, kisha Sadie atafuata. Atakayeshikwa, ni ndoa. Wanawake wengine wa Dogpatch ambao hawajaolewa wanaona hilo ni wazo zuri sana, na mbio zinakuwa za kila mwaka.

Ilikuwa mzaha tu, lakini wanafunzi waliuchukua wakatoka nao. Mwaka uliofuata vyuo vikaanza kufanya densi za Sadie Hawkins, na Desemba 1939 jarida la Life likatoa picha na habari kwamba siku hiyo imesherehekewa katika vyuo 201. Miaka miwili tu, bila intaneti! Sekondari nazo zikaiga, na densi hizo zikaendelea kwa miongo mingi, nyingine kwa majina mengine. Kanuni ilikuwa moja: siku hiyo msichana ndiye anaomba na ndiye analipa. Katika sehemu nyingi alimtengenezea mvulana ua la kubandika kifuani kwa mboga, karoti na vitunguu, ili kila mtu ajue ni utani.

Hayo maua ya mboga niliyafikiria sana. Ua la kweli ni la promu, mvulana anapomletea msichana. Msichana akimletea mvulana, ni kitunguu. Wanawake wengine waliokuwa vijana wakati huo wanaikumbuka siku hiyo kwa furaha, na siwezi kuwanyang'anya. Kama ungekuwa na haya na unampenda kijana fulani, usiku mmoja wa ruhusa ni usiku mmoja. Lakini angalia mzaha umesimama juu ya nini. Mwanamke anayeomba ni Sadie, na Sadie anaomba kwa sababu ni mbaya na amezeeka na hakuna anayemtaka. Wanaume wanakimbia. Ukicheka, umeshakubali. Na baada ya usiku huo siku nyingine zote za mwaka zinabaki kama zilivyokuwa, labda imara zaidi, maana sasa yeyote anayelalamika anaweza kuambiwa: si mna siku yenu? Sisi huku tuna toleo letu dogo, ule utani unaorudi kila Februari ikiwa na siku 29, kwamba wanawake sasa wanaweza kuwaposa wanaume. Tunacheka, kisha Machi mosi inafika.

Kilichokuja kuitikisa hiyo desturi hakikuwa sherehe nyingine. Kilikuwa tikiti.

Mwaka 1979, katika mji wa Cumberland, jimbo la Rhode Island, mwanafunzi aliyeitwa Paul Guilbert aliomba kwenda promu na mvulana mwenzake. Akakataliwa. Mwaka uliofuata rafiki yake Aaron Fricke, aliyekuwa anamaliza shule hiyo hiyo, akaomba kumpeleka Paul. Mwalimu mkuu akakataa tena, na sababu yake kuu haikuwa dini wala sheria. Alisema anaogopa fujo: wanafunzi wengine wangeweza kuwapiga. Na kweli, habari zilipoenea, Aaron alipigwa shuleni na akashonwa uso. Kwa hiyo hoja ya shule ilikuwa na ushahidi. Kosa lake ni kwamba ushahidi wenyewe ulikuwa juu ya mtu mwingine. Aliyepiga ndiye mwenye fujo, lakini anayenyimwa tikiti ni aliyepigwa.

Aaron alikwenda mahakamani, na Mei 1980 Jaji Raymond Pettine wa mahakama ya shirikisho akaamua kwamba kwenda promu na mtu unayemtaka ni aina ya kujieleza, inayolindwa na Marekebisho ya Kwanza ya katiba yao. Kuhusu fujo alisema jambo ambalo ningependa madeputi wote wa Kenya wasomewe gwarideni: shule ikimzuia mtu kwa kuogopa watakaomshambulia, imewapa washambulizi kura ya turufu. Kazi ya shule ni kumlinda, na ikaagizwa iweke ulinzi wa kutosha. Wakaenda. Wakacheza. Mwaka 1981 Aaron akaandika kitabu kuhusu hayo yote, Reflections of a Rock Lobster.

Kabla hujaniambia kwamba hayo ni mambo ya wazungu na kwamba sheria yetu inasema vingine: najua. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuzifuta hizo ibara Mei 2019, na ile siku ninaikumbuka. Lakini rafiki yangu aliomba densi kwa mvulana. Alifanya kile kile ambacho deputi angetaka afanye siku moja, kwa mpangilio tofauti wa nani anasimama kwanza, na bado alifyeka nyasi. Kwa hivyo ukisema desturi ipo kulinda ndoa ya mwanamume na mwanamke, mimi nauliza ilikuwa inalinda nini siku ile.

Ungedhani baada ya 1980 mambo yameisha. Hukumu ipo, jaji amesema, shule zimesikia. Hapa ndipo lazima tushuke kusini hadi Mississippi, na turudi nyuma kidogo, kwa sababu kule walikuwa wameshavumbua njia ya kukwepa hukumu, na waliivumbua kwa jambo jingine kabisa.

Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru shule za Mississippi ziache kutenganisha weusi na weupe, tena mara moja. Mwaka 1970 watoto wakaanza kukaa darasa moja. Lakini promu ni usiku, ni muziki, ni kushikana mikono, na wazazi weupe wengi hawakutaka kuona hayo. Basi katika miji kadhaa shule zikaacha kuandaa promu. Wazazi wakaandaa zao, za watu binafsi, moja ya weupe na nyingine ya weusi. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa sababu hakuna shule iliyohusika. Katika mji wa Charleston, Mississippi, iliendelea hivyo hadi 2008. Mwigizaji Morgan Freeman, ambaye ni mtu wa huko, alijitolea mwaka 1997 kulipia promu moja ya wote. Hawakukubali mpaka miaka 11 baadaye. Na hata walipokubali, kuna wazazi weupe waliofanya ya kwao pembeni.

Shikilia hiyo mbinu ya promu ya watu binafsi, kwa sababu miaka miwili baada ya Charleston inarudi.

Februari 2010 shule ya sekondari ya Itawamba, katika mji wa Fulton kaskazini mashariki mwa Mississippi, ilitoa karatasi ya masharti ya promu: kila mwanafunzi aje na mtu wa jinsia nyingine. Constance McMillen, miaka 18, alitaka kwenda na mpenzi wake, ambaye alikuwa msichana wa shule hiyo hiyo, na alitaka kuvaa tuksedo, suti nyeusi ya sherehe. Akaambiwa hapana kwa yote mawili. Tuksedo ni ya wavulana. Chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU, kikaiandikia shule. Bodi ikakaa, na tarehe 10 Machi ikatangaza kwamba promu imefutwa, kwa wote.

Hebu fikiria kuingia darasani asubuhi baada ya hilo tangazo. Si bodi inayokuadhibu tena. Ni wenzako, ambao walikuwa wameanza kutafuta gauni. Yeyote aliyewahi kuwa bweni ambalo lote limepigwa marufuku kwa kosa la mtu mmoja anajua jinsi hiyo adhabu inavyofanya kazi. Mwalimu halazimiki kuinua kiboko.

Kesi ilifika kwa Jaji Glen Davidson. Tarehe 23 Machi alikubali kwamba haki za Constance zimekiukwa, kwamba kutaka kwenda na mpenzi wake na kuvaa tuksedo ni ujumbe unaolindwa na katiba. Lakini alikataa kuilazimisha shule irudishe promu. Sababu mojawapo: wazazi walikuwa wanaandaa promu ya binafsi, na mahakama ilikuwa imeelezwa kwamba itakuwa wazi kwa wanafunzi wote. Umeiona? Ni mlango ule ule wa 1970.

Ijumaa ya tarehe 2 Aprili, Constance alivaa, akaenda kwenye klabu ya Fulton alikoambiwa promu iko. Ndani alikuta wanafunzi wachache mno. Hesabu iliyotolewa ni saba. Mwalimu mkuu na walimu wengine walikuwepo kusimamia. Muziki ulikuwa umewekwa. Wengine wote wa mwaka wake walikuwa mahali pengine, kwenye promu nyingine ambayo yeye hakualikwa, na picha zao zikaanza kuonekana mtandaoni.

Nimesoma mengi kuhusu usiku ule na kila mtu ana hasira na wazazi, na bodi, na shule. Mimi nilibaki na wanafunzi. Ili mpango kama huo ufanikiwe katika mji mdogo, mamia ya watu lazima wanyamaze. Lazima wapo waliokaa naye darasani miaka minne, walionakili kazi zake za hesabu, waliojua anwani ya ile promu ya kweli wakamwangalia usoni siku ya Ijumaa wasiseme kitu. Sidhani wote walimchukia. Nadhani wengi walisema kile nilichosema mimi mbele ya deputi, kwa namna yao.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa kwa haraka. Kwa vile alikuwa anasumbuliwa, Constance alihamia shule ya Jackson kumalizia masomo. Mwezi wa Mei wafadhili wakawaandalia vijana kama yeye promu nyingine katika mji wa Tupelo. Julai 2010 wilaya ya shule ilikubali kumlipa dola 35,000 pamoja na gharama za mawakili, na kuweka sera inayokataza ubaguzi wa namna hiyo katika shughuli zote za shule. Mwaka huo huo, jimbo hilo hilo, kulikuwa na msichana mwingine, Ceara Sturgis, aliyepiga picha ya kitabu cha mwaka akiwa na tuksedo. Kitabu kilipochapishwa, picha yake haikuwemo. Gauni lililofunguka mabega ndilo walilotaka, na watu hawa hawa ndio wanaopima urefu wa sketi kwa rula.

Mambo yanabadilika, sikatai. Siku hizi kuna shule nyingi Marekani ambazo zimeacha kuuza tikiti za "wapenzi" na kuuza tikiti za watu, mmoja mmoja, uje na nani ni shauri yako. Huo ndio ushindi ninaouona wa maana zaidi kuliko densi zote za Sadie Hawkins, na hauna hata picha nzuri ya kuweka kwenye jarida. Ni karatasi ya masharti ambayo mstari mmoja umefutwa.

Ile makala ya nguo niliiwasilisha kwa kuchelewa na nikakatwa pesa. Hadithi ya Fulton nilimtumia rafiki yangu kwa WhatsApp, yote, sauti ya dakika tisa, na mwishoni nikamwambia kuhusu ofisi ya deputi na lile jibu nililotoa. Hatukuwa tumewahi kuzungumza kuhusu hilo. Yeye sasa ni mama wa mtoto mmoja, anaishi Kitengela, ana duka la vipodozi. Kuhusu deputi akaandika, "Nilijua zamani, wewe." Halafu akauliza swali moja: hao saba, walicheza?

Nikamjibu kwa maneno ya Constance mwenyewe, nilivyoyakumbuka. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba kati ya waliokuja kulikuwa na wawili wenye shida ya kujifunza, na hao walikuwa na usiku mzuri kuliko yeyote, kwa sababu kwa mara moja hakukuwa na mtu chumbani wa kuwacheka.